Fedha za Shule na Jicho Linalomchunguza Mtoto



Ndugu waamini, viongozi wa jumuiya ndogondogo, nanyi mnaoketi katika kamati na bodi za shule zetu za Nachingwea na Ruangwa,

Twataka kusema nanyi juu ya jambo linaloweza kuonekana la mbali: matumizi ya fedha za shule kununua programu za kompyuta zinazomchunguza mwanafunzi awapo darasani. Kwa hakika halipo mbali. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Mtaala mpya ulioanza kufundishwa mwaka 2024 unatilia mkazo TEHAMA. Vifaa vikiwafikia wanafunzi, muuzaji wa programu ya kuvichunguza atafuata nyuma.

Programu ya namna hiyo huwekwa katika kila kifaa. Mwalimu huona mbele yake vioo vya wanafunzi wote, akafunga ukurasa asioutaka. Nyingine husoma maneno anayoandika mtoto na kupeleka taarifa kwa wakubwa wa shule. Malipo yake kwa kawaida ni ya kila mwaka, kwa idadi ya wanafunzi. Si kama dawati linalonunuliwa mara moja likadumu. Huko Marekani, janga la mwaka 2020 lilipowafanya wanafunzi wengi wasomee kwenye kompyuta, biashara hii ilikua sana.

Tuwe wa haki: haja ipo. Picha chafu, michezo ya kubahatisha na matusi baina ya wanafunzi ni hatari za kweli, na mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kusimama nyuma ya kila mmoja. Lakini ulinzi usio na mipaka huzaa madhara yake. Katika wilaya ya shule ya Lower Merion, jimbo la Pennsylvania, programu iliyokusudiwa kutafuta kompyuta zilizopotea ilipiga kwa siri maelfu ya picha, zikiwamo za wanafunzi wakiwa majumbani mwao. Mwaka 2010 wilaya hiyo ilikubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi. Fedha ya ulinzi ikafuatwa na fedha ya aibu. Jirani zetu Kenya nao, mwaka 2023, mamlaka ya ulinzi wa data iliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4.5 za huko kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa nyeti, na inaweka masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Mfikirieni binti anayeteswa nyumbani, anayetafuta kwa siri mahali pa kupata msaada. Maneno yake yakimfikia mtu asiye na busara, au yakitunzwa na kampuni ya ng'ambo isiyomjua, nani atajibu mbele ya Mungu na mbele ya wazazi wake?

Aidha, tuhesabu fedha. Ruzuku ya Serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kwa mfano tu, programu ikigharimu shilingi 5,000 kwa kila mtoto, imekwisha kumeza nusu ya fungu la vitabu, chaki na ukarabati. Na mapato ya halmashauri yanatoka jashoni mwenu: ni ushuru wa korosho na ufuta mnaouza kwa njia ya ushirika wa RUNALI.

Sisi wa Nachingwea tuna somo letu wenyewe. Miaka ya 1940 Waingereza walianza hapa mpango wa karanga. Matrekta yaliletwa na reli ikajengwa, kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimepotea katika sehemu zote ulikofanyika. Reli nayo iling'olewa baadaye. Mashine ilinunuliwa kwanza, maswali yakaulizwa mwisho.

Mafundisho ya Kanisa hutukumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa mtoto, na kanuni ya auni hukataza wa juu kuwanyang'anya wa chini uamuzi unaowahusu. Basi, ombi kama hilo likiletwa katika kikao chenu, yawapasa kuuliza kabla ya kupiga muhuri: Gharama ya mwaka wa pili na wa tatu italipwa na nani? Taarifa za watoto zitatunzwa wapi, kwa muda gani, na nani ataziona? Je, uchunguzi unakoma saa za masomo zikiisha? Wazazi wameelezwa kwa Kiswahili na kuridhia? Na fedha hiyo hiyo ingeajiri mlezi, au kununua vitabu vingapi?

Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao na kusomwa mbele ya mkutano wa wazazi. Yasipopatikana, ahirisheni uamuzi bila woga. Kuuliza juu ya mali ya umma na heshima ya mtoto ni wajibu wenu, wala si uasi.

Mungu awabariki.