Itikadi Kali na Ugaidi Kanda ya Ziwa: Chimbuko na Kinga

Ndugu Mwenyekiti, masheikh, wachungaji na mapadri, watendaji wa kata, walimu na vijana mliohudhuria,

1. Utangulizi

Ukitajwa ugaidi, wengi wetu hapa Mwanza tunawaza Mogadishu au Cabo Delgado. Mada hii inatutaka tutazame mitaa yetu. Hoja yangu ni kwamba imani peke yake haimshikishi kijana panga. Humfikisha huko mgogoro usiosuluhishwa, haki iliyocheleweshwa na riziki iliyokosekana, kisha anatokea mtu wa kumpa aya ya kuhalalisha hasira yake.

2. Yaliyotokea kwetu

Mei 21, 1996, meli ya abiria MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikielekea Mwanza na kuua mamia ya ndugu zetu. Miongoni mwa abiria waliokufa maji alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda, aliyekuwa akiishi Afrika Mashariki kwa jina jingine. Wenzake walifika ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa. Mtandao uleule ndio uliolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, Agosti 7, 1998. Dar es Salaam peke yake walikufa watu 11.

Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi kati ya Wakristo na Waislamu kuhusu nani achinje nyama ya kuuzwa buchani uliishia kwa mchungaji kuuawa. Ugomvi ule haukuanza siku ile. Ulikuwa umeshasikika Kanda ya Ziwa, na haukupatiwa suluhu mapema.

Usiku wa Mei 18, 2016, watu waliofunika nyuso waliingia msikitini Ibanda, kata ya Mkolani, hapa Mwanza, wakiwa na mapanga na mashoka. Waumini watatu waliuawa, imamu akiwemo. Mashuhuda walisema wauaji walihoji kwa nini watu wanaswali ilhali wenzao wamekamatwa. Waliouawa walikuwa Waislamu, tena ndani ya nyumba ya ibada. Anayedai kuwa hii ni vita ya dini moja dhidi ya nyingine ajibu kwanza tukio hilo.

Wala msiba huu hauna dini moja. Kanungu, Uganda, mwaka 2000, na Shakahola, Kenya, mwaka 2023, mamia ya Wakristo waliangamia mikononi mwa wahubiri wao wenyewe.

3. Chimbuko

Utafiti wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) wa mwaka 2023, uliofanyika katika nchi nane za Afrika, Somalia ikiwemo, uliwahoji watu waliowahi kuwa ndani ya makundi ya itikadi kali. Robo ya waliojiunga kwa hiari walitaja kutafuta ajira kuwa sababu kuu. Waliotaja dini walikuwa asilimia 17. Na wengi wa waliosema kuna tukio lililowasukuma kujiunga walitaja uonevu, kama vile ndugu kukamatwa au kuuawa na vyombo vya dola.

Kwetu, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ipo tangu 2002. Sheria ni lazima, lakini kesi isiyosikilizwa ni chakula cha wachochezi. Viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walioshtakiwa kwa ugaidi, walikaa mahabusu miaka mingi, hadi mashtaka yao yalipofutwa Juni 2021. Mwenye hatia alistahili hukumu na asiye na hatia alistahili uhuru, na yote mawili hayakuhitaji miaka hiyo yote.

4. Njia za kukabiliana

Kwanza, kila kata iwe na kamati ya amani ya dini zote, inayokutana kabla ya ugomvi na kuandika kila lalamiko: la kuchinja, la vipaza sauti, la kiwanja cha ibada. Lalamiko lipewe siku ya kujibiwa.

Pili, mzazi amjue anayemfundisha mwanawe, iwe madrasa au shule ya Jumapili, na wenye elimu ya dini wasiwaachie vijana mahubiri ya simu.

Tatu, asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iwafikie wavuvi wa Mwaloni Kirumba na machinga wa Makoroboi bila kujuana.

Nne, polisi wamsake mhalifu kwa jina lake. Wakivamia mtaa mzima kwa sababu ya kanzu na ndevu, watapoteza watoa taarifa wao bora: majirani.

5. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, mdharau mwiba mguu huota tende. Naomba tusitawanyike kabla ya kila kata iliyowakilishwa hapa kutaja wajumbe wa kamati yake na tarehe ya kikao cha kwanza. Tamko la kulaani mauaji limeshatolewa mara nyingi, na kila mara lilitolewa baada ya mazishi.