Oili ya Injini Yavuja Wapi?

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo wanalolijua sana wenye malori ya zamani, yaani doa jeusi linaloonekana chini ya injini kila asubuhi. Wengine hulizoea, wakaongeza oili na kwenda zao. Wengine huingiwa na hofu, wakamtaka fundi afungue injini nzima. Twaona njia hizi mbili zote zina hasara. Iliyo bora ni kutafuta chanzo kwanza, kabla ya kushika spana.

Jambo hili si dogo. Oili hulainisha vyuma vya ndani visisagane, hupunguza joto lake, na huchukua masizi. Ikipungua mno, pampu huvuta hewa badala ya oili, na beringi za krenki huweza kuungua kwa muda wa dakika chache. Hapo lori lililolisha nyumba nyingi husimama, na mavuno huozea njiani. Tena oili ikidondokea ekzosi yenye moto huweza kuwaka, na ikiingia katika kilachi, lori hushindwa kupanda mlima.

Basi neno la kushika ni hili: mahali oili inapodondoka mara nyingi sipo inapotoka. Kila mtu aliyelala chini ya paa bovu ajua kwamba tone la mvua likiangukia kitanda, si lazima tundu liwe juu ya kitanda. Maji yameingia mbali, yakafuata kombamoyo hata yakapata pa kudondoka. Ndivyo ilivyo oili. Uzito wake huishusha chini, na upepo wa feni na wa mwendo huisukuma nyuma. Kwa hiyo injini ivujayo juu kabisa yaweza kuonekana kana kwamba yavuja nyuma, karibu na giaboksi. Wako walioshusha giaboksi ili kubadili sili ya nyuma ya krenki, kazi nzito ya siku nzima au zaidi, na walipomaliza doa likarudi pale pale. Kumbe oili ilitoka katika kifuniko cha valvu, kinachofungwa kwa nati chache tu.

Sasa twaeleza namna ya kutafuta. Simamisheni lori mahali sawa, wekeni mawe kwenye magurudumu, na msiingie kabisa chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake. Injini ikiwa baridi, isugueni kwa brashi na mafuta ya taa, kisha kwa maji na sabuni. Funikeni kwanza mdomo wa hewa na vyombo vya umeme. Petroli msiitumie kwa kazi hii, maana mvuke wake hushika moto upesi. Injini ikikauka kabisa, nyunyizeni podari nyeupe mahali mnapopashuku. Washeni injini muda wa dakika 15 au 20, kisha izimeni mwangalie kwa tochi, mkianza juu na kushuka chini. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo penye chanzo.

Fuateni mpango huu: kifuniko cha valvu, swichi ya oili, filta, kifuniko cha mbele na sili ya krenki, gasketi ya sampu, nati ya kumwagia oili, na mwisho kabisa, sili ya nyuma. Kwenye filta angalieni kama mpira wa zamani ulibaki umeganda, ukafungiwa mpya juu yake. Kosa hilo huonekana mara nyingi, na huweza kumwaga oili yote kwa muda mfupi.

Kabla hamjanunua sili yo yote, tazameni bomba la kupumulia la injini. Moshi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka penye krenki, nao hutoka kwa bomba hilo. Likizibwa na masizi, moshi hukosa njia, ukasukuma oili ipite katika kila gasketi na sili. Mtu akibadili sili bila kuzibua bomba, atabadili tena. Pimeni pia oili kwa kijiti; ikizidi alama ya juu, krenki huipiga ikafanya povu na kutafuta pa kutokea. Na kama bomba ni safi, lakini moshi watoka kwa nguvu mnapofungua kizibo cha kutilia oili, basi huenda ringi zimechakaa, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kutengeneza kwenyewe huhitaji subira kuliko nguvu. Kwanguni gasketi ya zamani yote pasibaki hata kipande. Ukingo wa kifuniko cha bati ukiwa umepinda, ulazeni juu ya ubao na kuunyosha kwa nyundo taratibu. Kazeni nati kidogo kidogo kwa zamu. Wengi hudhani kwamba kukaza zaidi huzuia zaidi, lakini gasketi ya koki ikibanwa mno hupasuka, na bati hupinda. Washa ya shaba ya nati ya sampu, ikiwa mpya haipatikani, huchomwa hata iwe nyekundu, kisha huachwa ipoe. Shaba hulainika, ikashika tena vema.

Yafaa pia kujua tabia ya injini yenyewe. Nyingi zilizoundwa kabla ya miaka ya 1960 hazikuwa na sili ya mpira nyuma ya krenki, bali kamba iliyolowekwa mafuta, au mifuo ya kurudisha oili ndani. Injini za namna hiyo hutoa matone machache hata zikiwa nzima. Msiwafukuze mafundi kwa matone hayo. Hesabuni: andikeni katika daftari kila oili mnayoongeza na maili au kilometa mlizokwenda. Lori lililotumia lita 1 kwa kilometa 2,000, kisha likatumia lita 1 kwa kilometa 500, limewaambia wazi kwamba limeugua.

Mkimaliza, osheni tena injini, iwasheni, na laleni mmetandika boksi la karatasi chini yake. Asubuhi boksi litatoa hukumu. Oili chafu msiimwage mtoni wala karibu na kisima. Na taa ya oili ikiwaka njiani, simameni papo hapo mzime injini, hata kama nyumbani pamekaribia.