Kuuliza Sababu Kabla ya Kupima Uzito: Matibabu ya Matatizo ya Ulaji kwa Wenye Usonji na Waliovuka Jinsia

Mada kwa semina ya wauguzi, wanasaikolojia na washauri nasaha

1. Utangulizi

Istilahi za msingi zinafahamika, hivyo nitazipitia haraka. Anoreksia ni kujinyima chakula hadi uzito kushuka kwa kiwango cha hatari. Bulimia ni kula kwa kupindukia kisha kujitapisha au kukitoa chakula kwa njia nyingine. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa Marekani, DSM-5, unatambua pia ulaji wa kukwepa vyakula, usiotokana na hofu ya kunenepa bali na harufu, ladha, mguso wa chakula au woga wa kupaliwa. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, unautambua vilevile. Waliovuka jinsia ni wale wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa.

2. Swali lisiloulizwa

Tiba nyingi tunazozitegemea zina dhana moja katika msingi wake: kwamba mgonjwa anaogopa kunenepa. Tiba ya fikra na tabia iliyoendelezwa na Christopher Fairburn na wenzake kule Oxford huona kiini cha ugonjwa ni mtu kujithamini kwa kigezo cha umbo na uzito wake. Tiba hiyo imewasaidia wengi na siipingi. Ninachokipinga, na nimekipinga kwa miaka mingi, ni mazoea ya kumchukulia kila mgonjwa kana kwamba sababu yake ni hiyo hiyo. Kijana aliyeandikwa msichana alipozaliwa, naye akajitambua kuwa mwanamume, anaweza kujinyima chakula ili hedhi ikome na matiti yasikue. Ukimfundisha kuukubali mwili wake jinsi ulivyo, unamgusa penye kidonda bila kumtibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wanafunzi 289,024 wa vyuo 223 vya Marekani ulionyesha kwamba waliovuka jinsia ndio walioongoza kwa kuripoti kuwa na ugonjwa wa ulaji. Waliwapita hata wanawake, ambao vitabu vyetu huwataja kwanza. Wanaume wanaowapenda wanaume nao waliwazidi wanaume wengine.

Kwa mwenye usonji (autism) sababu huweza kuwa nyingine tena: harufu, kelele au mguso wa chakula. Christopher Gillberg wa Sweden alieleza uhusiano wa anoreksia na usonji tangu miaka ya 1980, lakini hadi leo wanawake wengi hugunduliwa kuwa na usonji baada ya kulazwa mara kadhaa. Wodini huketishwa mezani na wenzao, katikati ya kelele za sahani na harufu za vyakula vilivyochanganywa. Wakishindwa kula, faili huandikwa kwamba ni wakaidi. Isitoshe, utafiti wa mwaka 2020 uliohusisha watu wazima zaidi ya 600,000 ulikuta kwamba waliovuka jinsia wana uwezekano wa mara tatu hadi sita zaidi wa kuwa na usonji. Mtu mmoja anaweza kubeba hali zote mbili, na fomu yetu ya tathmini isiulize hata moja.

3. Pingamizi

Wapo wanaosema dalili za usonji kwa wagonjwa hawa ni matokeo ya njaa tu. Hoja hiyo ina uzito: katika jaribio la Minnesota la 1944 na 1945, wanaume 36 waliokubali kupunguziwa chakula walijitenga na kutawaliwa na mawazo ya kula. Lakini ufuatiliaji wa miaka mingi kule Gothenburg, Sweden, ulikuta baadhi ya wagonjwa wakiwa bado na dalili za usonji uzito ulipokwisha kurudi. Kwa hiyo tuulize mtu alivyokuwa utotoni, kabla hajaugua. Wengine husema kwanza tuokoe maisha. Ni kweli, moyo uliodhoofika hausubiri mazungumzo. Ila aliyerudishiwa uzito bila sababu yake kuguswa huruhusiwa huku kilichomlaza kikiwa palepale. Wengine huona kuuliza habari za jinsia ni kuunga mkono jambo ambalo jamii inalikataa. Mada hii haijadili sheria wala imani ya mtu. Mtabibu anatakiwa kujua kwa nini mgonjwa hali, na mgonjwa atasema tu akiwa na hakika kuwa siri yake haitatoka, hasa anayetoka katika nchi ambamo mapenzi ya jinsia moja ni kosa la jinai, kama Uganda, Tanzania na Kenya.

4. Mapendekezo

(i) Kila tathmini ianze na swali la wazi: ni nini kinachokufanya usile?

(ii) Madodoso ya umbo na uzito yasitumike peke yake kwa waliovuka jinsia.

(iii) Historia ya utotoni ichukuliwe kabla ya kuhitimisha kuwa dalili za usonji ni za njaa.

(iv) Wodi ziruhusu kula mahali patulivu na vyakula visivyochanganywa, kama ulivyofanya mpango wa PEACE wa wagonjwa wenye usonji katika taasisi ya afya ya South London and Maudsley, Uingereza.

(v) Neno "mkaidi" lisiandikwe kwenye faili kabla swali la kwanza halijaulizwa.

(vi) Taarifa za jinsia na mapenzi zilindwe kwa kiwango cha juu cha usiri.

(vii) Kupona kusipimwe kwa mizani pekee. Mgonjwa aulizwe pia kama sababu ya kutokula imepungua.

(viii) Mafunzo ya watumishi wapya yajumuishe usonji na waliovuka jinsia, na swali la sababu lifundishwe kabla ya matumizi ya mizani.