Cheti cha Dawa na Fundo la Khanga: Tatizo la Nusu Dozi Dirishani



Nimetakiwa nizungumzie mbele yenu, wafamasia wenzangu na ndugu zangu wa Maduka ya Dawa Muhimu, sheria ya dawa za cheti na uwezo wa mgonjwa kuzimudu. Nitakayosema ni maoni yangu, si msimamo wa mwajiri wangu.

Ufafanuzi nitaupitia mbiombio. Dawa ya cheti haitolewi bila maandishi ya mtabibu anayetambuliwa. Usajili na ubora wa dawa viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania (TMDA), iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) hadi 2019. Taaluma yetu inasimamiwa na Baraza la Famasi kwa Sheria ya Famasi ya 2011. Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 kushika nafasi ya maduka ya dawa baridi, yanaruhusiwa kuuza dawa chache za cheti, amoksilini ikiwamo. Hayo wote tumeyasoma.

Sasa kilichonileta.

Mama anafika dirishani na cheti cha nimonia: amoksilini mg 500, mara 3 kwa siku, siku 5. Kwa kapsuli za mg 250, hizo ni 30. Anafungua fundo la khanga, anahesabu, anasema kwa sauti ya chini, "Dokta, nipe za elfu moja." (Dirishani sote ni dokta, hata aliyeajiriwa jana.) Mtoa dawa anahesabu kapsuli 10, anazitia kwenye kibahasha, anaandika 2x3. Cheti mama anaondoka nacho, atamalizia kesho. Kesho haji. Homa imeshuka, na hela iliyopatikana imenunua unga.

Kwa makaratasi kila kitu kiko sawa: cheti kipo, mwandikaji anatambuliwa, dawa imesajiliwa. Lakini siku mbili zisizotimia za amoksilini hazitibu nimonia. Zinaweza kuwazoesha vimelea dawa. Nimelisema hili vikao vingi mpaka wenzangu wananiita Bwana Nusu Dozi. Jibu huwa ni lile lile: elimisheni wananchi. Mama yule dozi anaijua. Alichokosa ni shilingi 2,000.

Na mara nyingine hela ingetosha. Cheti kimeandikwa jina la biashara, dawa ile ile ya bei nafuu iko rafu ya chini, ila mtoa dawa anatoa kilichoandikwa, ama kwa kumwogopa daktari, ama, tuseme ukweli, kwa kuwa faida ni nono. Parasetamoli ni parasetamoli, iitwe Panadol au isiitwe. Mwongozo wetu wa Taifa wa Matibabu wenyewe unataja dawa kwa majina halisi.

Wapo pia wenye msamaha wa malipo: watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wasiojiweza. Stoo ya kituo cha afya ikikauka wanaandikiwa cheti cha nje, na msamaha hauvuki barabara. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inatupa matumaini, lakini asiye na kadi mkononi bado bima yake ni fundo la khanga.

Mapendekezo. Kwanza, vyeti viandikwe majina halisi. Pili, mtoa dawa ataje bei ya dozi nzima, na ya ile ya bei nafuu yenye kiambato hicho hicho, kabla hajagusa kopo. Tatu, hela isipotosha, mwandikaji apigiwe simu. Muda wa maongezi ni rahisi kuliko kulazwa. Nne, kila dozi iliyokatwa iandikwe daftarini, maana halmashauri haipangi bajeti kwa manung'uniko yangu. Tano, kituo kilichoishiwa kiulize kituo jirani kabla ya kumtuma nje mwenye msamaha. Sita, nimeshasema, majina halisi. Saba, wenye maduka wakubali kukopesha kapsuli zilizobaki. Najua mtacheka, lakini duka la sukari jirani yako lina daftari la madeni na halijafungwa. Nane, la pili hapo juu libandikwe ukutani, kwa maandishi makubwa, upande wa mteja.

Daftari la pendekezo la nne nimekuja nalo. Lina safu tatu tu: dawa, iliyoandikwa, iliyotolewa. Nakala ziko mezani karibu na mlango. Tafadhalini, kila duka lichukue moja kabla ya chai.