Aliyeumwa na Nyoka: Kutibu Majeraha ya Moyo Mitaani Eastlands



Wazee walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyoka alishaondoka, lakini mwili haujapata habari. Mtu aliyepigwa sana utotoni, aliyeporwa kwa kisu aliposhuka kwenye matatu usiku, au aliyeona nyumba zikiteketezwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, anaweza kuishi miaka mingi kana kwamba hatari bado iko mlangoni. Usingizi unampaa. Mlango ukibamizwa, moyo unamwenda mbio. Mtoto akimwaga chai, anafoka kama aliyevamiwa.

Kutoka Kaloleni hadi Kayole, familia nyingi huishi katika chumba kimoja au viwili. Hasira ya mmoja huwafikia wote. Mke hudhani hapendwi tena, mume hudhani anadharauliwa, na watoto hujifunza kunyamaza. Majirani husema tu, "Yule ni mkali." Swali lenye manufaa zaidi ni hili: mtu huyu alipatwa na nini?

Hapo ndipo ushauri nasaha wa kutibu kiwewe huanzia. Mshauri mzuri hamlazimishi mtu kusimulia yote siku ya kwanza. Kwanza humhakikishia usalama na siri. Kisha humfundisha kutambua dalili za mwili kabla hasira haijapanda, kupumua polepole, na kutaja kinachomuuma badala ya kukitoa kwa matusi. Simulizi ya tukio lenyewe husubiri hadi mwenyewe awe tayari.

Je, asiye na pesa za daktari atasaidiwa? Mwaka 2015, wanawake 421 wenye dhiki ya moyo, wengi wao wakiwa wamewahi kutendewa ukatili wa kijinsia, walishiriki utafiti katika vitongoji vya Nairobi. Takriban nusu yao walifuata mpango mfupi wa Shirika la Afya Duniani: vikao 5, kimoja kila wiki. Walifunzwa kutuliza mwili, kushughulikia matatizo moja baada ya jingine, kurudia shughuli walizoziacha, na kutafuta watu wa kuwategemea. Wengine walipata huduma ya kawaida. Miezi 3 baada ya vikao, dhiki ya waliofuata mpango huo ilikuwa imepungua zaidi. Waliowahudumia hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo.

Jambo moja lieleweke: jeraha hueleza hasira, lakini halihalalishi kipigo. Anayepigwa hapaswi kuvumilia akingoja mwenzake apone. Usalama wake na wa watoto hutangulia. Simu ya bure 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya kuwalinda watoto.

Mwenye mawazo ya kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali mara moja. Hospitali ya kitaifa ya Mathari, kando ya Barabara ya Thika, hutibu magonjwa ya akili. Wala familia isimfiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba.

Kwa wengine, hatua ya kwanza ni ndogo: kumweleza mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa, au kufika zahanati iliyo karibu na kusema, "Silali, na nyumbani hakuna amani." Maneno hayo yanatosha kuanzia. Wanaume nao wayaseme, kwa kuwa wengi wamelelewa kuamini kwamba kunyamaza ndiko kuwa mwanamume.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Anayetibiwa leo huwapunguzia watoto wake mzigo wa kesho.