Kabla ya Kununua Diski Kubwa

Msikilizaji, ukishuka mteremko wa Kitonga na gari dogo lililojaa watu, kisha pedali ya breki ikazama bila gari kushika, usikimbilie kulaumu diski za breki. Huenda mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa: ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishalowa hushuka hadi karibu 140. DOT 4 huanzia 230, na gari la DOT 3 huyapokea. DOT 5 ya silikoni, usiichanganye nayo kabisa. Mwambie fundi abadilishe mafuta yote, atoe hewa, afunge pedi nzuri. Na mteremkoni, tafadhali, shuka kwa gia ya pili, usiegemee breki njia nzima.