Deni la Zamani na Mtu Ajaye Kulidai

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watu wa Jilore, upande wa Malindi)



Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu hulinong'ona kuliko kulisema. Ni lile deni la zamani ambalo mwenyewe alidhani limekwisha sahauliwa, kisha siku moja simu inalia, au kijana mwenye mkoba anashuka kwenye pikipiki hapo uani na kulitaja kwa shilingi na senti. Kwetu mtu huona haya kudaiwa mbele ya wakwe na majirani. Haya hiyo ndiyo mtaji wa yule kijana.

Na tuchukue mfano. Tuseme baba mmoja wa hapa Jilore alichukua mabati 30 katika duka la Malindi mwaka 2012, kila bati shilingi 800, jumla shilingi 24,000. Alilipa 9,000 papo hapo, akaahidi kwamba 15,000 zilizobaki atazitoa mwisho wa Februari 2013, korosho zikiisha kuuzwa. Mikorosho haikuzaa vema, mtoto akaugua, ahadi ikapita. Mwezi wa Juni 2015 akapeleka 2,000, akapewa risiti. Tangu hapo, kimya. Leo mabati yenyewe yameingia kutu, na mtu asiyemjua ampigia simu kumdai shilingi 61,000, pamoja na faida na gharama.

Yampasa baba huyu ajue kwamba sheria ya Kenya ina kipimo cha wakati. Sheria ya muda wa kufungua mashtaka, ambayo ni Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, yasema kwamba deni la mapatano, kama bili ya dukani, halishtakiwi baada ya miaka 6 kupita tangu siku lilipopasa kulipwa. Kwa baba huyu hesabu ilianza mwisho wa Februari 2013. Lakini zile 2,000 za mwaka 2015 ziliirudisha hesabu mwanzo, kwa kuwa alipaye sehemu ya deni amelikubali. Kwa hiyo miaka 6 yake ilikwisha mwezi wa Juni 2021.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mtego. Mtu wa kudai aliye mjuzi hataanza na 61,000. Atasema kwa upole: "Baba, tuma hata mia tano tu kwa M-Pesa, niwaonyeshe wakubwa wangu kwamba una nia njema." Au ataleta karatasi, "ya kuonyesha tu kwamba nilikukuta nyumbani," na kuomba sahihi. Shilingi mia tano hizo, au sahihi hiyo, zaweza kuliamsha deni zima, na miaka 6 ikaanza kuhesabiwa upya tangu siku ile. Hata ujumbe wa simu usiuandike ovyo. Neno "nitalipa mwezi ujao" laweza kusomwa mbele ya hakimu.

Basi umjibu nini? Usimtukane, wala usimkimbie. Mwambie alete kwa maandishi jina la kampuni yake, barua ya mwenye deni iliyompa kazi hiyo, bili ya asili yenye tarehe, na hesabu ya kila kilicholipwa. Mara nyingi huyo si mwenye duka. Ni mtu anayelipwa fungu la kile atakachokusanya, naye ana orodha ya majina tu. Mpaka uione karatasi, usikubali wala usikane kiasi chochote. Na risiti zako za zamani uzitoe kwenye sanduku, maana tarehe zake ndizo zitakazokutetea.

Najua mzee mmoja ataniuliza, "Je, dawa ya deni si kulipa?" Ndiyo, mzee wangu. Sheria imefunga mlango wa mahakama. Haikusema kwamba mabati yalikuwa ya bure. Mimi binafsi, kama aliyenikopesha angali hai na duka lake lipo, ningemwendea mwenyewe, tukapatana kwa maandishi kiasi cha mwisho, nikapewa risiti ya kumaliza deni. Lakini hilo mtu hulifanya kwa hiari yake na kwa hesabu ya haki. Hatishwi na mgeni kwenye simu.

Juu ya vitisho, maneno machache. Deni la dukani si kosa la jinai, na polisi hawana kazi nalo. Chifu aweza kuwapatanisha, lakini hana mamlaka ya kuhukumu deni. Kifungo cha deni hakitoki ila kwa amri ya hakimu, baada ya hukumu. Mbuzi wako hachukuliwi na mtu yeyote mwenye mkoba: yapasa kuwe na hukumu, kisha dalali mwenye leseni na hati ya mahakama, naye hutoa notisi ya siku 7 kabla ya kuuza. Na hata akija huyo, sheria yamkataza kuchukua nguo za kuvaa, vyungu vya kupikia na matandiko ya jamaa yako. Wale wakopeshaji wa simu nao, kanuni za mwaka 2022 chini ya Benki Kuu zawakataza kutisha watu na kuwapigia rafiki zako ili kukuaibisha.

Lakini ikija hati ya kuitwa mahakamani, hiyo usiiweke chini ya godoro hata kama deni ni la miaka 20. Hakimu hatakutetea kwa jambo usilolisema. Yapasa ujibu katika muda ulioandikwa humo, na useme waziwazi kwamba muda wa kushtaki umekwisha. Ukinyamaza, mdai aweza kupewa hukumu bila wewe kuwapo, na hukumu hudumu miaka 12. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiambiwa kwamba "ulikwisha hukumiwa zamani," omba namba ya kesi, nenda kwenye masjala ya mahakama ya Malindi, uulize.

Mjane na watoto nao wasibabaishwe. Deni la marehemu hulipwa katika mali aliyoiacha. Mtoto hatoi mshahara wake kwa ajili ya bili ya baba yake, ila kama alitia sahihi kuwa mdhamini. Ama kuhusu shamba lililowekwa rehani, muda wake ni miaka 12, na mambo yake yataka mwanasheria, leo sitayaingia.

Naona baadhi yenu mmekuja na barua mikononi. Wenye barua wabaki. Tutazisoma moja moja, na tutaanza na tarehe.